Nukta Kwenye Paja la Ngamia

Kufikia saa nne asubuhi ya Jumatatu, Wahu alikuwa ameshalisikia neno "kisasa" mara kumi na moja, na chai bado hajaitia mdomoni.

"Ukumbi wa kisasa," Bwana Vincent alisema tena, akipunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. "Mgeni akivuka kizingiti tu, ajue Wajir nayo imeamka. Hizi pembe zitoke. Huu mguu utoke. Ukuta wote krimu, na chini futi tatu za hudhurungi ya kung'aa. Maua ya plastiki yako njiani kutoka Nairobi."

"Na picha?"

"Picha gani?"

Wahu aliinyoosha brashi yake kuelekea ukuta wa kushoto. Ilikuwa picha ya upana wa hatua nane na kimo cha watu wawili. Asiyeiona basi haoni.

"Ah, hiyo," Vincent alisema. "Hiyo si ndiyo uchafu wenyewe?"

Wahu alikuwa amefika jana tu na hakutaka kugombana siku ya kwanza. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Othaya, fundi wa rangi na lipu wa serikali kwa miaka kumi na minne, miwili ya mwisho akiwa ametumwa Garissa. Kutoka Garissa mpaka hapa alikuwa amekaa siku moja na nusu juu ya lori, kakalia madebe ya rangi, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alipewa siku sita. Jumamosi mgeni mkubwa kutoka Nairobi angelala katika nyumba ile, na Vincent, aliyekuwa na funguo za nyumba za wageni wa serikali pale mjini, hakuwa na usingizi.

Watu wa mji waliiita nyumba ile Kasri. Afisa mmoja wa Kiingereza aliijenga mwanzoni mwa miaka ya thelathini: kuta nene za mawe na chokaa, paa bapa lenye meno pembeni kama ngome, na mlango wa mbele mzito kiasi kwamba ulifunguliwa na watu wawili. Ukiingia ulikutana na ukumbi uliotulia kama msikiti, wenye sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe. Kila bwana aliyekaa humo aliacha kitu, na aliyemfuata hakuthubutu kukiondoa. Juu ya tao walining'inia choroa wawili, swala wenye pembe ndefu, vichwa tu, mmoja hana jicho. Taa ya shaba ilining'inia kwa mnyororo, haijawahi kuwaka tangu Uhuru. Kulikuwa na kioo chenye madoa ya kutu ambacho kilimfanya kila mtu aonekane ana ndui, ubao wa majina ya mabwana wote kwa herufi za dhahabu, na pembeni ya mlango mguu wa ndovu uliokaushwa, uliotobolewa katikati ili watu watie miavuli. Miavuli, Wajir!

Lakini picha ilikuwa kitu kingine. Ilionyesha visima. Mbele kabisa mwanamume mwenye kikoi alikuwa akivuta ndoo, ngamia mmoja mrefu amesimama kando yake akitazama pembeni kwa dharau, na nyuma yao mifugo na watu na mwanga mweupe unaoumiza macho, mwanga wenyewe wa huko, ambao Wahu alikuwa hajaona mchoraji aliyeweza kuukamata. Sehemu yake ya chini mtu fulani alikuwa ameipiga chokaa zamani. Na katikati ya ngamia, akiwa mkubwa kuliko wote, alisimama ng'ombe wa maziwa wa madoa meusi na meupe, kiwele kimejaa.

"Huyu ametoka wapi?" Wahu alimwuliza Guled, fundi wa pale mjini waliyempa amsaidie.

"Huyo ya bwana moja ya zamani," Guled alisema. "Mtu ya huko kwenu, baridi. Alikuwa anakumbuka nyumbani. Akaleta mfungwa anajua kuchora, akasema, hii ngamia geuza iwe ng'ombe."

"Na nani alichora hizo nyingine?"

"Mtaliano. Mateka ya vita. Zamani sana, mimi sijazaliwa."

Wahu aligonga kiwele cha yule ng'ombe kwa kidole, akasikiliza lipu.

Hata kama ukuta ungepakwa krimu, chokaa iliyokuwa ikibanduka ilipaswa kung'olewa kwanza, kwa hiyo mchana ule alichukua kisu cha kukwangulia akaanza chini kushoto. Chokaa ilitoka vipande vipande kama magamba. Chini yake rangi ilikuwa mbichi kana kwamba jana. Yakatokea miguu ya mwenye kuvuta ndoo, kisha ukingo wa kisima, kisha msichana wa miaka kumi na moja hivi, nywele zake wazi zimesukwa, akicheka waziwazi kumwelekea yeyote aingiaye mlangoni. Halafu likatokea paja la ngamia, na juu ya paja chapa: mstari, kitanzi, na pembeni yake nukta.

Kisu cha Guled kiliacha kukwangua. "Madam," alisema polepole. "Hiyo ungeacha."

"Kwa nini?"

Guled alinawa mikono akaenda kula, na mpaka alasiri mji wote ulikuwa umejua.

Jumanne asubuhi Wahu alimkuta Mzee Dagane amesimama mbele ya picha, ndevu zake nyekundu kwa hina, na nyuma yake wanaume sita.

"Salaam aleikum, mama," Dagane alisema. "Hii kazi umefanya, Mungu akubariki. Hiyo ni chapa ya baba yangu. Hicho kisima ni yetu. Sasa usiguse."

Kabla Wahu hajapata la kusema, mlango ulisukumwa tena akaingia Mzee Keynan, binamu yake Dagane, mfupi na mwenye fimbo, naye akiwa na wanaume wake saba. Baba zao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Guled ndiye aliyemweleza Wahu kando, kwa sauti ya chini. Chapa ya ukoo ule ilikuwa mstari na kitanzi. Baba yake Dagane alipotenga mifugo yake aliongeza nukta. Baba yake Keynan hakuongeza kitu. Sasa shirika moja la misaada lilitaka kuweka mashine ya kuvuta maji kwenye kisima cha familia, nalo limeuliza swali moja tu: mwenye kisima ni nani? Tangu siku hiyo wale binamu hawakuwa wakila pamoja.

"Hiyo si nukta," Keynan alisema, pua yake karibu igonge lipu. "Hiyo ni tundu ya msumari."

"Msumari gani? Nani anapiga msumari kwa paja ya ngamia?"

"Ukuta ni ya chokaa, Dagane! Inabomoka!"

"Nukta!"

"Tundu!"

Wote kumi na watano walianza kusema kwa pamoja, kwa Kisomali, na ukumbi ule wenye dari refu ukarudisha kila neno mara mbili. Wahu alisubiri wamalize. Hawakumaliza. Saa saba waliketi juu ya vigae, wakaletewa chai ya maziwa ya ngamia katika chupa, wakaendelea. Mmoja wao alitundika shuka lake kwenye pembe ya choroa.

Jumatano ilikuwa hivyo hivyo, ila watu walikuwa zaidi ya arobaini. Mwalimu mmoja aliletwa apime nukta kwa rula. Wahu alikuwa na sehemu mbili tu alizoweza kufanyia kazi, mlango na dari, na kila aliposogeza ngazi alimwomba mzee fulani ainuke, naye mzee akainuka kwa adabu, akaketi pale pale ngazi ilipotakiwa kwenda.

Vincent akaja saa tisa, jasho likimchuruzika. "Mama Wahu, hawa ni nani? Mbona krimu haijaanza? Siku tatu, unasikia? Paka yote! Nukta, ng'ombe, msichana, kila kitu. Krimu haina ugomvi na mtu."

"Ukiwapakia krimu mbele ya macho yao, bwana, wewe utakuwa wapi?"

"Mimi nitakuwa ofisini," Vincent alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa amesema kweli.

Wahu hakuwa mtu wa kelele. Mama yake alikuwa akisema alizaliwa kimya. Lakini alipanda ngazi ile, ngazi moja baada ya nyingine, mpaka kichwa chake kikawa sawa na vichwa vya choroa, akapiga mkebe wa rangi kwa kisu mara tatu.

"Sikilizeni! Mimi sijui nukta, sijui tundu. Mimi nilitumwa kupaka rangi. Huyu anataka niache, huyu anataka nifute, huyu anataka maua ya plastiki. Siku tatu nazunguka hapa kama punda wa maji, na ukuta ni ule ule! Nataka kuwauliza jambo moja tu. Mtaliano alipochora, kulikuwa na watu. Hakuna hata mmoja aliye hai wa kuulizwa?"

Dagane alitazama vidole vya miguu yake. Keynan alitazama taa ya shaba.

"Yuko," Guled alisema hatimaye. "Dada ya baba zao. Ayeeyo Ramlo, bibi ya wote."

"Yuko wapi?"

"Hapa hapa. Karibu na visima."

"Hapa hapa!" Wahu alishika ngazi kwa mikono miwili ili asianguke. "Siku tatu! Na hakuna aliyemwita?"

"Shangazi yetu ana mdomo," Keynan alisema kwa unyonge.

"Akianza, haachi mtu," Dagane aliongeza, na ilikuwa mara ya kwanza wale binamu kukubaliana.

Ramlo alikuja Alhamisi kwa mkokoteni wa punda, mwanamke wa miaka sitini na zaidi, mwembamba, kajitanda shuka la hudhurungi, jicho moja lina ukungu. Mlangoni alisita. Aligusa fremu kwa kiganja, akasema bismillahi, akavuka kizingiti kana kwamba anavuka mto. Alizungumza Kiswahili bila kusita, kwa kuwa alikuwa ameuza maziwa kwenye nyumba za maofisa kwa miaka ishirini.

Hakuuangalia ukuta kwanza. Aliwaangalia wapwa zake. "Mnafanya nini kwa nyumba ya watu?"

"Eeddo, shangazi, ni juu ya kisima," Dagane alianza.

"Nyamaza. Msinizibie mwanga."

Watu wakasogea. Ramlo alikaribia picha mpaka pumzi yake ikagusa lipu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Wahu akadhani analia, mpaka kicheko kilipotoka.

"Mnagombania hii? Hii ngamia?" Aliweka kidole juu ya chapa. "Hii ni bii. Bii ya bolisi!"

Hakuna aliyeelewa. Guled aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha na Wahu akainamisha chake, na pale pale akaiona: mstari, kitanzi. Ilikuwa herufi P, ambayo mdomoni mwa Ramlo mara nyingine ilitoka kama b, imelazwa kidogo kufuata mviringo wa paja, na mbele yake nukta kama ile inayofuata herufi za kufupisha. Siku nne ameitazama karibu na pua, yeye aliyeandika herufi kwenye vibao maisha yake yote!

"Ngamia zetu zilikuwa mbali, ukame," Ramlo alisema. "Mtaliano akataka ngamia ya kusimama. Wakamletea ya bolisi, imezoea kusimama. Ngamia ya serikali."

"Na mwanamume?" Keynan aliuliza. "Anayevuta ndoo? Si baba?"

"Baba yako achorwe bicha? Baba zenu wote walikataa, walisema haramu. Huyo ni mbishi ya bolisi, mtu wa jikoni. Mkamba. Wakamvalisha kikoi." Alimtazama yule mpishi kwa upole kidogo. "Alikuwa anaimba vibaya."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajizuia.

"Basi kisima alichimba nani, eeddo?" Dagane aliuliza. "Tuambie, tumalize."

"Baba yako alichimba. Na baba yako wewe. Wawili, miezi miwili. Na udongo nani alitoa?" Alinyanyua viganja vyake mbele ya macho yao. "Karai kwa karai, kwa kamba, kwa hii mikono. Huyo mtu wa mashine akija, mleteni kwangu. Mbona hamkuniuliza?"

Wazee wakatoka mmoja mmoja, wakivaa viatu vyao mlangoni. Kwenye ngazi za nje Keynan alisikika bado akisema kwamba hata hivyo, kama nukta, ile ilikuwa ndogo mno kuwa nukta.

Vincent, ambaye alikuwa amesikiliza kutoka nyuma ya mlango, aliingia akifikicha mikono. "Haya! Wameondoka. Krimu!"

"Haiwezekani," Wahu alisema.

"Kwa nini tena?"

"Umesikia mwenyewe. Yule ngamia ni mali ya serikali, na chapa anayo. Kumfuta nitahitaji barua."

"Barua ya nani?"

"Ya mwenye uwezo wa kuondoa mali ya serikali kwenye jengo la serikali. Nakala tatu. Ukiileta leo, kesho naanza."

Vincent aliwatazama wale choroa kama wanaoweza kumsaidia. Alitoka, na Wahu, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, alicheka peke yake kimyakimya.

Alipogeuka alimkuta Ramlo bado amesimama pale pale.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Huyu." Kidole chake kilimwelekea msichana anayecheka, ingawa hakikumgusa. "Huyu ni mimi. Nifute."

Wahu alidhani hakusikia vizuri. "Nikufute?"

"Funika. Yote. Nywele, meno, yote."

Ghadhabu ile ya jana ikarudi, na safari hii haikuwa na ngazi ya kupandia. "Mama Ramlo, mimi nimegombana na mji mzima juu ya ukuta huu. Nimegombana na mkubwa wa nyumba. Na katika ukuta wote, hakuna kilichochorwa vizuri kuliko huyu mtoto! Mchoraji alimpenda kuliko ngamia, kuliko kisima. Mimi ni fundi, naona. Kila mtu hapa anataka kufuta kitu. Hata wewe?"

Ramlo aliketi juu ya kigoda cha Guled, akakunja shuka lake magotini.

"Mtaliano alinipa kipande ya sukari," alisema. "Akasema kwa mkono, cheka. Nikacheka. Sikujua kuwa itabaki. Nilifurahi siku hiyo, wallahi, nilifurahi sana. Jioni baba akasikia: binti yako iko kwa ukuta ya Mzungu, nywele wazi, anachekea askari. Akanipiga mpaka hii jicho. Kisha ikasemwa na mji. Wanaume wakikuja kuposa, wanaulizwa, ile ya ukutani? Wanarudi. Niliolewa umri ya mama ya watoto wanne, kwa mzee, mke wa tatu. Nilileta maziwa kwa hii nyumba miaka ishirini, mlango ya nyuma. Hapa mbele sikuingia. Bwana moja akaja akaweka chokaa, nikashukuru Mungu. Sasa wewe umenitoa tena."

Wahu aliutazama mkono wake uliokuwa umeshika kisu.

"Sikujua," alisema.

"Ungejuaje? Hata wewe hukuniuliza."

Kesho yake, Ijumaa, Wahu alifunga mlango wa mbele kwa ndani. Hakutumia krimu. Alichanganya chokaa na udongo wa kando ya visima ambao Guled alimletea kwenye karai, akatia masizi kidogo, akajaribu mara tano juu ya kipande cha ubao mpaka rangi ikawa ile ile ya ardhi iliyo nyuma ya mpishi. Ramlo alikuja kwa mlango wa nyuma, akaketi. Wahu alianza na miguu, akapanda kwenye gauni, kisha mikono, kisha misuko ya nywele. Kila alipofikia uso, brashi ilirudi pembeni kutafuta kazi nyingine.

"Maliza," Ramlo alisema.

Akamaliza. Mahali pale pakabaki ardhi tupu yenye mwanga, na mpishi akawa anavuta ndoo peke yake. Ramlo aliinuka, akapitisha kiganja hewani mbele ya ukuta bila kuugusa kwa kuwa ulikuwa bado mbichi, akamwambia Wahu, "Mungu akupe afya, binti yangu." Guled na Wahu wakavuta mlango wa mbele kwa pamoja, naye akatoka kwa mlango huo, taratibu, akishuka ngazi katikati.

Mgeni mkubwa alifika Jumamosi saa kumi. Alipita ukumbini na watu wake, akamsifu ng'ombe kwa moyo wote, akauliza ni kazi ya nani, na Vincent akajibu kwamba ukarabati wote ulifanywa chini ya usimamizi wake. Maua ya plastiki yalikuwa ndani ya mguu wa ndovu. Wahu aliyaona hayo yote kutoka kwenye varanda, akiosha brashi, na hakuwa na nguvu hata ya kukunja uso.

Wiki mbili baadaye, Garissa, alijaza fomu ya taarifa ya kazi kama ilivyotakiwa. Dari, mlango, vigae. Kwenye ukuta wa kushoto aliandika: "Chokaa kuukuu imeondolewa. Sura moja imefunikwa kwa ombi la mwenyewe." Fomu ilirudi siku ya tatu, kalamu nyekundu imezungushia neno la mwisho, na pembeni mtu ameuliza: Mwenyewe ni nani? Cheo chake? Ana mamlaka gani juu ya jengo?

Wahu alikaa na fomu ile mpaka watu wote wakaenda kula. Joto la Garissa lilikuwa limekaa juu ya mabati kama mtu mzima. Aliwaza angeandika nini ambacho kingeingia kwenye nafasi ile ya nusu mstari: miaka hamsini na moja, mlango wa nyuma, jicho. Aliandika maneno mawili, akayakata, akayarudisha, akayakata tena. Mwishowe aliandika "Mwenye sura," akatia sahihi yake kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, akaitupa fomu kwenye trei ya karatasi za kwenda kwa wakubwa, akaenda kutafuta chai.